Mafiga Yangu Katika Jiko la Marehemu

Habari ya kifo cha Fundi niliipata kwa dereva wa lori la viazi, aliyesimamisha gari nje ya uzio wa shule huku injini ikinguruma na darasa langu zima likigeuza shingo. Aliteremka, akavua kofia, akaja mpaka dirishani. "Mwalimu," akasema, "Fundi ametutoka. Kifua kilimbana jana jioni. Tunazika kesho, Makambako." Nilisema pole, nilisema maskini, nilisema yote ambayo mtu husema akiwa na chaki mkononi na watoto wanamsikiliza. Lakini ninyi wasomaji wa safu hii mnanijua. Sijawahi kuwaficha tabia yangu, wala leo sitaanza. Kabla ile pole haijanitoka vizuri mdomoni, moyo wangu ulikuwa umeshafika Makambako, umepanda ngazi za ile nyumba yenye baraza ya mbao, umeketi kwenye kile kiti kirefu, unatazama njia panda na malori yake. Nyumba ile ni yangu. Yaani katika kitabu cha boma ni yangu, jina langu limeandikwa humo kwa wino wa Serikali. Aliyekaa ndani yake miaka yote hii, na kuitwa mwenye nyumba na kila mpita njia, ni marehemu.

Nitaeleza. Ila kwanza niseme alikuwa mtu wa namna gani, maana mtu haonewi wivu bure, na huyu sababu alikuwa nazo tele. Kazi yake ilikuwa kutengeneza bodi za malori. Gari likiletwa uchi, injini mbele na magurudumu chini, yeye ndiye aliyelivika mbao, akalitia mlango wa nyuma, akalichora maua mekundu na ya manjano ubavuni. Hakuwa mnyenyekevu hata chembe. Alivaa tai siku ya kazi. Bodi ikikamilika alipanda juu yake na kurukaruka kwa viatu, huku akiwauliza madereva, "Haya, nani mwingine kati ya Iringa na Songea anathubutu kuruka hivi?" Na kweli hapakuwa na mwingine, jambo lililoniudhi zaidi. Kanisani aliimba besi mpaka benchi likatetemeka, na mchungaji, ambaye mimi nimemwandikia hesabu za usharika miaka nenda miaka rudi bila hata asante, alimwita "besi yetu." Fundi akicheka, watu wote walicheka. Mimi nikisema neno la kuchekesha, watu huniuliza nina maana gani.

Basi mambo yalianza hivi. Mimi nilijenga Makambako nilipokuwa nikifundisha huko: vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, bati juu, kiwanja kilichopimwa na boma, karibu kabisa na njia panda. Yeye alikuwa na nyumba Njombe mjini, chini kidogo ya boma, aliyoijenga zamani kabla malori hayajawa mengi. Kisha wakubwa wa shule wakanihamishia Njombe, na malori yakamvuta yeye Makambako. Tukawa watu wa ajabu. Kila Jumatatu alfajiri mimi nilipanda gari kwenda Njombe kufundisha, nikalala juma zima katika chumba cha kupanga kilichonuka ngozi mbichi. Jumatatu hiyo hiyo yeye alipanda gari kuja Makambako, akalala karakanani juu ya maranda. Malori yetu yalipishana njiani, na yeye, akiwa juu ya mzigo, alinipungia kofia na kupiga kelele, "Mwalimu! Nisalimie nyumba yangu!" Nami nilimjibu, "Na wewe yangu!" Abiria walicheka sana. Ilichukua muda mrefu kabla hatujagundua kwamba utani ule ulikuwa na akili kutuzidi sisi wenyewe.

Siku moja tulikutana pale malori yanaposimama, upepo wa Makambako ukitaka kutuvua makoti. "Mwalimu, sisi ni wajinga," akaniambia. "Wewe una nyumba kwenye kazi yangu, mimi nina nyumba kwenye kazi yako. Tubadilishane, yaishe." Nyumba zenyewe zilikuwa karibu sawa, hakuna aliyemzidi mwenzake. Tulipeana mikono palepale, tukaenda bomani. Karani wa viwanja alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Kubadilishana hakumo katika sheria, wazee wangu. Huyu anamwuzia huyu, na huyu anamwuzia huyu. Ni uhamisho mara mbili. Kila mmoja una kibali chake cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, stempu yake, na ushuru wake kwa kadiri ya bei ya nyumba."

"Bei gani?" Fundi akauliza. "Hapa hakuna anayeuza."

"Serikali itawakadiria."

"Kwa hiyo mimi nilipe, na Mwalimu alipe, halafu tutoke hapa kila mtu ana nyumba moja, kama tulivyokuja?"

"Ndivyo, mzee." Karani alipotutajia kiasi, Fundi alitazama ndani ya kofia yake kana kwamba jibu limo humo. Kwa fedha ile mtu angeozesha mtoto na wageni wakala wakasaza. Tulitoka tukakaa kwenye ngazi za boma, hatusemi, mpaka tarishi akaja kutufukuza.

Aliyetupa akili ni mama mzazi wa Fundi, bibi wa Lupembe aliyekuwa hajui kusoma wala hataki kujua. Kwetu, alisema, mtu ni mwenyeji pale mafiga yake yalipo. Mwanamke akihama kweli, huyang'oa yale mawe yake matatu ya jikoni akaenda nayo. Akiyaacha, amekwenda kutembea tu, moto wake unamngoja. "Sasa acheni mafiga," akatuambia. "Mwalimu aache yake Makambako, mwanangu aache yake Njombe. Boma likiuliza, hamkuhama. Mmetembeleana." Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijua maneno yale hayamo katika sheria yoyote ya Tanganyika, lakini nilikifikiria kile chumba cha ngozi, nikanyamaza. Juma lile lile tukahama bila kuhama, kila mmoja mgeni wa mwenzake, kila mama akipika juu ya mawe ya mwenzake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipeana jembe siku ya kwanza, na ugeni wetu ukadumu mpaka mmoja akafa.

Sasa sikilizeni kilichonikondesha. Mimi ni mtu wa hesabu. Nilipoingia katika ile nyumba ya Njombe nilijiambia: hii si yangu, nikipigilia msumari nitakuwa nimempigilia Fundi. Bati likishika kutu, ni kutu yake. Ulipotokea ufa ukutani, upande wa jikoni, mke wangu aliniuliza, "Baba, tuzibe?" Nikamjibu, "Mwenyewe yupo." Ndivyo anavyofikiri kila mtu anayekaa kwa mwenziwe, wala sioni haya. Lakini yule bwana! Hata hajamaliza kufungua mizigo, ametia dari. Mara akaweka baraza ya mbao mbele, nguzo zake zimechongwa maua. Mara madirisha ya vioo. Mara miti ya kukinga upepo, na nyuma yake miche ya peasi imepangwa kwa mstari, imekaa kama watoto wa darasa la kwanza. Kila nilipokwenda Makambako kwa mkutano wa walimu, nilipita kusalimia, na kila nilipopita nilikuta kitu kipya cha kuniumiza. "Karibu kwako, Mwalimu!" alikuwa akipaza sauti ikasikika mpaka kwenye malori. "Karibu uone nyumba yako!" Nilikaa kwenye kiti kirefu, nikanywa chai. Mara moja tu aliniuliza, "Na yangu kule, yaendeleaje?" Nikamjibu, "Ipo." Mke wangu alikuwa akisema nikitoka Makambako huwa sili chakula cha jioni, na ni kweli nilikuwa sili. Watu wengi huwaonea wivu wenzao kwa nyumba zao. Mimi, nadhani peke yangu katika nchi hii, nilimwonea mtu wivu kwa nyumba yangu.

Na wivu, jamani, humfanya mtu atazame mambo. Nilianza kuutazama mtaa wetu wa Njombe kwa jicho jingine. Kuna mzee mmoja amefiwa na mke, watoto wameolewa, anakaa peke yake katika vyumba vinne na moto wake unawaka katika kimoja tu. Ukuta kwa ukuta naye yuko dresa wa hospitali, mfunga vidonda, watoto wake wamejaa mpaka jikoni. Nilimwuliza mzee kwa nini asimwuzie jirani, kisha mwenyewe akanunua kanyumba kadogo ka kumtosha. "Nikiuza, boma linamega," akanijibu. "Nikinunua kadogo, linamega tena. Nitabaki na mlango na bawaba zake." Basi amekaa. Mtaa mzima umekaa. Huyu amemwachia shemeji yake, yule amemwazima rafiki yake, wa tatu alikwisha kufa na wanawe hawajathubutu kwenda kubadili jina. Ukikifungua kitabu cha boma utakuta mji wetu unakaliwa na watu walio makaburini na wengine walio Dar es Salaam, na wanaokaa kweli hawamo. Mtu asiyekuwamo kitabuni hapaki rangi. Vijana wenye fedha zao za kazi wanatafuta nyumba ya kununua, hawaioni, kwa sababu hakuna anayeuza, basi wanagombania vyumba vya kupanga na wenye vyumba wanapandisha wanavyotaka. Siandiki haya kuitukana Serikali. Barabara hutengenezwa kwa ushuru, na mimi kodi yangu ya kichwa nalipa bila kukimbizwa. Nasema tu kwamba mtoza ushuru akisimama mlangoni, aliye ndani hatoki, hata kama nyumba imembana, hata kama imempwaya. Na cha kuazima, wasomaji wangu, mnajua methali yake inavyomalizika, lakini gazeti hili linasomwa na wachungaji.

Siku ya maziko nilifika Makambako nikakuta malori yamepanga mstari pande zote mbili za barabara, na bodi zote ni kazi ya mkono wake. Jeneza lilipotoka, madereva walipiga honi kwa pamoja, mpaka ng'ombe wa kijiji jirani cha Mahongole nadhani walikata kamba. Watu walilia. Nami nilikuwa na machozi, nisiseme uongo, ila katikati ya machozi nilijiuliza nani atanipigia mimi honi. Labda nitagongewa kengele ya shule, kama mlinzi atakumbuka. Jeneza lenyewe vijana wa karakana walikuwa wamelichora maua mekundu na ya manjano ubavuni. Hata hilo lilinichoma.

Tuliporudi kutoka makaburini, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima kutoka Lupembe, alinivuta kando pale barazani. "Kamwene, Mwalimu," akanisalimu. Nikaitikia. "Tusizunguke," akasema. "Mgeni wako ameondoka. Mafiga yako yako hapa, jina lako liko bomani. Rudi kwako. Sisi tutachukua ya ndugu yetu kule Njombe."

"Na shemeji yako, na watoto?"

"Tutaona pa kumweka. Mwanamke hakosi pa kulala."

Mambo yalikuwa wazi kama mchana. Sheria ilikuwa upande wangu, mila upande wangu, na kaka wa marehemu ananisukuma kwa mikono yake mwenyewe. Mjane peke yake ndiye aliyebaki katikati, hana hapa hana kule, kwa sababu mume wake na mimi tulikwepa stempu. Nami nilifanya nini? Roho yangu iliruka kama mwana mbuzi! Baraza ile! Vioo vile! Kiti kile kirefu! Sikutakiwa kusema neno jingine ila "sawa." Nikamwambia nakwenda kwanza kumpa pole shemeji.

Nilimkuta jikoni. Lilikuwa jiko jipya, sijawahi kuingia humo, maana mgeni wa kiume hukaa barazani. Matofali, dohani ya kutolea moshi, rafu pande zote, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Na katikati ya saruji ile, mafiga yangu matatu. Yale yale niliyookota mtoni na mke wangu tukiwa bado hatujapata mtoto, moja lina ufa upande. Saruji ilikuwa imezungushwa kwa uangalifu kuyafuata, hata inchi moja hayakusogezwa. Shemeji alikuwa ameketi kando yake, amejifunga kaniki.

"Shemeji, hamkuyaondoa?"

"Alikataza. Mimi nilitaka jiko la chuma, kama lile la misheni. Akasema mafiga ya Mwalimu hayaguswi, akajenga jiko zima kuyazunguka." Akanitazama. "Mwalimu, hivi unajua alivyokuwa akikuonea wivu?"

"Mimi?"

"Wewe. Kila msumari akipigilia, anasema, 'Haya, mwingine wa Mwalimu.' Siku ukija kunywa chai, ukishaondoka, hali. Ninamwekea chakula, anakisukuma. Anasema, 'Umemwona? Anakaa kimya kwenye kiti, hasifu kitu, hasemi kitu. Anajua jina lake liko bomani. Mimi napiga kelele tu.' Na hii baraza, Mwalimu, na vioo, unafikiri alivijengea nini? Alisema, 'Nitaipamba mpaka siku Mwalimu akitaka kuirudisha aone haya.'"

Mungu anisamehe, msibani pale nilifurahi kama sijapata kufurahi maishani. Yule mtu wa tai na besi na honi! Yule aliyerukaruka juu ya malori! Kumbe miaka ile yote niliyokuwa sili Njombe, naye alikuwa hali Makambako, na sababu ni mimi! Nikacheka, sikuweza kujizuia. Shemeji naye akacheka, machozi yanamtiririka, na akina mama waliokuwa wakimenya viazi nje wakachungulia kuona ni nani hao wanaocheka matangani. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kaniki, akaniuliza swali ambalo bila shaka lilimkaa kooni tangu asubuhi. "Tutoke lini?"

Nilitaka kumwambia mwisho wa mwezi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Badala yake nilijikuta nimeinama, nimeshika figa la kwanza, nalitikisa. Msinisifu. Naamini ni ile furaha mbaya iliyonisukuma, maana mtu aliyejua kwamba ameonewa wivu ameshalipwa, anaweza kutoa. Saruji ilikuwa imeshika, nikaomba nyundo, na nyumba ya fundi haikosi nyundo. Kwa kelele ile kaka akaja mbio. "Mwalimu, unafanya nini?"

"Nahama."

Wote waliokuwa pale walielewa. Mtu wa kwetu akiona mafiga yanang'olewa haulizi tena. Akina mama waliacha viazi, mmoja akapiga kigelegele kisha akakumbuka yuko msibani akaziba mdomo. Shemeji aliyapokea mawe moja moja akayapangusa majivu. Lakini kaka hakuwa mtu wa kukubali upesi. "Sawa, ya kwako umetoa," akasema. "Mafiga ya ndugu yangu yako Njombe, na yatakaa hukohuko. Ile ni yetu. Wewe utakwenda kulala wapi?" Sikuwa nimelifikiria hilo, nakiri. Nilichoweza kumjibu ni, "Twende ukaitazame kwanza."

Tulikwenda naye kwa lori la siku iliyofuata, na Njombe ikatupokea kwa mvua. Alisimama nje akatazama bati, limekuwa jekundu kama udongo wa barabara. Akatazama mlango, unafungwa kwa kamba. Akaingia ndani, tone likamdondokea shingoni, akahama, jingine likamfuata. Akaweka mkono katika ule ufa wa upande wa jikoni, ukaingia mpaka kifundo. "Mwalimu," akaniuliza kwa upole, "mlikuwa mnafuga nini humu?"

"Watoto na vitabu."

Aliizunguka mara ya pili, akagonga kuta, akatikisa kichwa. Niliona usoni mwake anapiga hesabu ya ng'ombe ambao ingempasa kuuza ili mtu aweze kulala humo bila kulowa. Mwisho aliingia jikoni mwenyewe, akayang'oa mafiga ya ndugu yake, akayatia katika gunia la viazi. "Kaa na nyumba hii," akaniambia. "Bomani mkihitaji dole gumba langu, niiteni." Hivyo ndivyo mjane alivyopata nyumba: mimi nilikuwa nimeitupa ile nyingine mpaka hakuna ndugu aliyeitaka. Wema wangu usingefika hapo, ni uvivu wangu uliofika.

Ila mafiga yanatutosha sisi, boma hayalitoshi. Safari hii tulikwenda kwa njia ya halali, shemeji, kaka na mimi, kwa karani yule yule, sasa ana mvi. Nyumba zote mbili zikatumiwa mkadiriaji. Ile ya Njombe aliiandikia bei ndogo, na nadhani hata hiyo aliandika kwa huruma. Kisha akarudi kutoka Makambako, akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono mbele ya watu. "Mwalimu, hongera! Nyumba yako ile ni nyumba. Baraza, vioo, jiko la dohani, miti ya matunda! Hakika umejua kuitunza." Shemeji alitazama sakafu, nikaona mabega yake yanatikisika, na sijui alikuwa akilia au akicheka. Baada ya sifa akataja ushuru, na ushuru ulikuwa mkubwa kwa kadiri ya sifa. Kila ubao alioupigilia marehemu ulikuwa umepandisha kile ambacho mkewe alitakiwa kulipa ili apewe ubao huohuo. Shemeji aliuza mbao zote za karakana, hazikufika. Nikaongeza fedha nilizokuwa nimejiwekea kwa ajili ya mabati mapya. Nikaweka sahihi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuisifu nyumba ile na kuniita mimi mwenyewe wake, na ikadumu mpaka wino ulipokauka.

Wenye nyumba za kuazimana, nawaambia ninyi mnaosoma haya chini ya bati la mtu: nendeni bomani mkiwa hai wote wawili, hata kama ushuru unauma, maana atakayeulipia ubishi wenu si ninyi, ni yule atakayebaki ameketi jikoni. Na Bwana Shauri, kama tarishi anamsomea safu hii, aangalie ngazi za boma lake asubuhi moja, ahesabu wangapi hupanda wakiwa wamepeana mikono na kushuka wakiwa wamenyamaza. Ushuru ule aufanye mwepesi, aone mji utakavyopakwa rangi.

Mafiga yangu yamefika Njombe, juu ya lori lenye bodi ya Fundi, la nani jingine. Mvua inanyesha ninapoandika, na nimelazimika kusogeza meza. Kule Makambako hakuvuji. Najua, kwa sababu nimeuliza kila dereva anayepita. Jioni hii mke wangu amekuja amesimama karibu na ukuta wa jikoni, ameutazama ule ufa, akaniuliza kama alivyoniuliza miaka yote, "Baba, tuzibe?"

"Mwenyewe yupo," nikamjibu kwa mazoea. Hakuondoka. Alisimama pale pale akinitazama, mpaka nikaweka kalamu chini nikaenda kutafuta udongo.